Kwa nini Messina ilimsimamishia sanamu Malkia Elena, na kwa nini Waethiopia wana la kusema

Katika mji wa Messina, kisiwani Sicily, kuna kiwanja kidogo kinachoitwa Largo Seggiola. Hapo imesimama sanamu ya marumaru ya Malkia Elena wa Italia, kazi ya mchongaji Antonio Berti, na ilizinduliwa mwaka 1960. Mwaka huo ndio unaozua swali. Italia ilikuwa jamhuri tangu 1946, wananchi walipopiga kura ya maoni na kuuondoa ufalme. Katiba iliyoanza kutumika Januari 1948 iliwapiga marufuku wafalme wa zamani wa ukoo wa Savoia, wake zao na wazao wao wa kiume kukanyaga ardhi ya nchi hiyo. Elena mwenyewe alifia uhamishoni mjini Montpellier, Ufaransa, tarehe 28 Novemba 1952, na akazikwa hukohuko katika makaburi ya umma. Miaka minane baadaye mji mmoja wa jamhuri ileile unamsimamishia sanamu mahali pa wazi, mchana kweupe.

Ukimuuliza mwenyeji wa Messina sababu, atakutajia tetemeko la ardhi la 1908, na atakuwa amesema kweli. Lakini Elena huyohuyo alipewa pia cheo cha Malkia wa Milki ya Ethiopia, cheo kilichopatikana kwa mabomu na gesi ya sumu. Msomaji wa Afrika Mashariki anayeambiwa kwamba huyu ni "malkia wa huruma" ana haki ya kuuliza huruma hiyo ilifika wapi na ilikomea wapi. Mambo hayo mawili yamefungamana kuliko watu wanavyodhani, na inafaa kuyafungua taratibu.

Tuanze na Messina.

Tarehe 28 Desemba 1908, saa 11 na dakika 20 alfajiri, watu wengi walikuwa bado vitandani. Tetemeko la ukubwa wa takriban 7.1 liliitikisa ardhi ya pande zote mbili za mlangobahari unaoitenga Sicily na Italia bara. Mtikiso ulidumu kwa sekunde thelathini na kitu tu. Dakika chache baadaye bahari ikarudi nyuma kisha ikaja na mawimbi yaliyofika mita kumi na zaidi katika baadhi ya sehemu, yakawazoa waliokuwa wamekimbilia ufukweni wakidhani huko ndiko salama. Moto nao ukashika magofu. Messina upande mmoja na Reggio Calabria upande wa pili ziliporomoka. Makadirio ya chini ya waliokufa ni watu 75,000 hivi, na yapo yanayopita 100,000. Messina pekee ilipoteza karibu nusu ya watu wake.

Hesabu hizo zinatisha, lakini kilichoufanya mji ule ujione umetupwa ni jambo jingine. Wale ambao kazi yao ilikuwa kuokoa walikuwa wamekufa pamoja na wengine. Kambi za jeshi ziliwaangukia askari, hospitali ziliwaangukia madaktari na wagonjwa wao. Nyaya za simu zilikatika, na meli ndogo ya kivita ikalazimika kuambaa pwani ikitafuta ofisi ya telegrafu iliyokuwa bado inafanya kazi, hivyo serikali kule Roma ikapata habari kamili jioni. Wa kwanza kufika kwa wingi walikuwa mabaharia wa Urusi, waliokuwa na manowari zao za mafunzo jirani katika pwani ya Sicily. Waliingia Messina asubuhi ya tarehe 29, wakaanza kufukua kifusi kwa mikono. Waingereza nao wakaja. Mfalme Vittorio Emanuele III na mkewe Elena walifika tarehe 30.

Elena alikuwa na umri wa miaka 35, mama wa watoto wanne, mdogo wao akiwa na mwaka mmoja tu. Watawala wengi wa wakati ule wangepita katikati ya magofu, wakapigwa picha, wakarudi ikulu. Yeye alibaki na majeruhi. Alifanya kazi ndani ya meli, ikiwemo manowari iliyobeba jina lake, Regina Elena, iliyogeuzwa mahali pa kutibia: kuosha vidonda, kufunga bendeji, kuwashika watu waliokuwa wakifanyiwa upasuaji. Hakuwa mjuzi wa kubahatisha, kwani uuguzi alijifunza. Magazeti ya Ulaya yakaeneza habari zake, na tangu siku zile jina lake halikutoka midomoni mwa watu wa Messina. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki ya Messina haikuwa na mfano.

Kilichofuata hakisimuliwi sana, ingawa mimi naona kina uzito kuliko zile siku za bendeji. Tetemeko liliacha yatima wengi mno, watoto wadogo ambao hata majina yao hayakujulikana, wengine wakichukuliwa na wapita njia. Januari 1909 kikaundwa chombo cha kisheria kilichoitwa Opera Nazionale di Patronato Regina Elena, chini ya jina la malkia, kiwe mlezi wa watoto hao mbele ya sheria, kiwatafutie jamaa zao na kulinda kile walichorithi. Yatima aliyebaki na kiwanja na jina la ukoo ni windo la matapeli kila mahali duniani. Kulifikiria hilo mapema, wakati maiti bado ziko chini ya kifusi, ni kazi ya mtu anayejua kwamba msiba haukomi siku ya maziko.

Pia kulijengwa vibanda vya mbao vya kuwahifadhi waliokosa makazi, na mtaa mmoja wa Messina hadi leo unaitwa Villaggio Regina Elena. Hapa kuna jambo la kusikitisha. Vibanda vya muda vya Messina havikuwa vya muda. Vilichakaa, vikabomolewa, vikajengwa vingine vya mabati na asbesto katika maeneo yaleyale, na familia maskini zikarithishana maisha ya vibandani kizazi baada ya kizazi. Ilipofika mwaka 2021, zaidi ya karne moja baadaye, serikali ya Italia ilipitisha sheria maalumu na kutenga euro milioni 100 ili kuwahamisha watu waliokuwa bado wanaishi humo. Sanamu ya 1960 ilisimamishwa katika mji huohuo wa vibanda. Naamini hilo linaeleza sehemu ya upendo wa watu kwa Elena: dola iliyofuata baada ya siku zile, ya kifashisti na kisha ya kijamhuri, haikuwapa nyumba, kwa hiyo mtu aliyewahi kuja mwenyewe na kuwashika mkono alizidi kukua katika kumbukumbu zao.

Asili yake nayo ilichangia. Alizaliwa Cetinje, Montenegro, tarehe 8 Januari 1873, akiitwa Jelena, binti wa Nikola aliyetawala nchi ndogo ya milimani, maskini, iliyozoea vita. Alisoma katika shule ya mabinti wa kifahari ya Smolny huko Saint Petersburg, kisha akaolewa Roma tarehe 24 Oktoba 1896. Baadhi ya wakubwa wa ukoo wa Savoia walimdharau wakimwona kama binti wa wachunga mifugo. Mumewe alirithi kiti mwaka 1900, baada ya baba yake, Umberto I, kupigwa risasi mjini Monza. Elena hakupenda karamu za ikulu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia sehemu ya ikulu ya Quirinale iligeuzwa hospitali ya askari majeruhi, na malkia alikuwa akihudumu wodini. Aliweka saini kwenye picha zake zikauzwa ili kupata fedha za misaada. Mwaka 1933 ilifunguliwa Roma taasisi ya utafiti na tiba ya saratani yenye jina lake, na bado inafanya kazi. Alifadhili pia tiba kutoka Bulgaria, nchi alikoolewa binti yake Giovanna, kwa wagonjwa walioachwa na mitetemeko ya mwili baada ya ule ugonjwa wa ubongo uliowalaza watu usingizi miaka ya 1920.

Kufikia hapo, sanamu haina ubishi.

Sasa tuvuke bahari. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Ushirika wa Mataifa ukaiwekea Italia vikwazo vya biashara kuanzia Novemba 18. Utawala wa kifashisti ukajibu kwa kampeni ya kuchangisha dhahabu, na tarehe 18 Desemba 1935, mbele ya kaburi la askari asiyejulikana mjini Roma, malkia alikuwa wa kwanza kutoa pete ya ndoa, yake na ya mumewe. Wanawake wakafuata kwa mamia ya maelfu nchi nzima, wakivua pete za dhahabu na kupewa za chuma. Ilikuwa sherehe ya kisiasa iliyopangwa kwa ustadi. Mwanamke ambaye taifa lilimjua kama muuguzi na mama wa yatima aliubariki uvamizi kwa kitu cha thamani zaidi mkononi mwake, na watu wakamfuata kwa sababu walimwamini.

Siku kumi na mbili baadaye, tarehe 30 Desemba 1935, ndege za Italia zilipiga mabomu kituo cha tiba cha Msalaba Mwekundu wa Sweden huko Melka Dida, kusini mwa Ethiopia. Ilikuwa tarehe ileile aliyofika Messina, miaka 27 kabla. Wala halikuwa shambulio pekee juu ya watu wa tiba katika vita ile. Gesi ya haradali nayo ilimwagwa juu ya askari na raia, ingawa Italia ilikuwa imesaini mkataba wa Geneva wa 1925 uliokataza matumizi yake. Mei 1936 Addis Ababa ikatekwa, Vittorio Emanuele akatangazwa Mfalme wa Milki ya Ethiopia, na Elena akapata cheo sambamba.

Mkanganyiko unafika kileleni mwaka uliofuata. Tarehe 12 Februari 1937 mjukuu wa Elena, Vittorio Emanuele, alizaliwa kwa mwanawe Umberto. Gavana mkuu wa Italia huko Ethiopia, Rodolfo Graziani, aliamua kuisherehekea habari hiyo kwa kugawa sadaka. Tarehe 19 Februari, ambayo kwa kalenda ya Ethiopia ni Yekatit 12, maskini, vipofu na vilema wa Addis Ababa waliitwa kwenye uwanja wa kasri la Genete Leul ili wapewe sarafu za fedha kwa heshima ya mtoto wa kifalme. Katika halaiki hiyo vijana wawili wenye asili ya Eritrea, Abraha Deboch na Moges Asgedom, walirusha mabomu ya mkono na kumjeruhi Graziani. Askari wakaanza kuwamiminia risasi watu waliokuja kupokea sadaka. Kisha kwa siku tatu makundi ya wafashisti yaliachiliwa mjini, wakiua kwa bunduki, kwa marungu na kwa majembe, wakimwaga petroli kwenye nyumba za nyasi na kuzichoma zikiwa na watu ndani. Serikali ya Ethiopia baadaye ilitaja vifo 30,000. Makadirio mengine ya kihistoria yanakaribia 19,000. Mei mwaka huohuo watawa wa Debre Libanos nao wakachinjwa.

Katikati ya matukio hayo mawili, Aprili 1937, Papa Pius XI alimtunuku Elena Waridi la Dhahabu, heshima kubwa kabisa ambayo mwanamke Mkatoliki angeweza kupewa na kiti cha Roma wakati huo, kwa ajili ya matendo yake ya huruma.

Je, Elena ndiye aliyeua Addis Ababa? Hapana. Malkia wa Italia hakuwa na mamlaka ya kikatiba hata kidogo. Hakuamuru jeshi, hakusaini sheria. Mumewe ndiye aliyesaini, zikiwemo sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi za mwaka 1938. Tena Novemba 1939, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeshaanza Ulaya, Elena aliandaa barua kwa malkia na watawala wanawake wa nchi ambazo bado hazikuwa vitani, akitaka waungane kudai amani, na Mussolini akaizima juhudi hiyo. Wanaomtetea huikumbuka barua hiyo, na ni haki yake ikumbukwe. Lakini pete hakuvuliwa na mtu kwa nguvu. Ilikuwa tendo lake mwenyewe, hadharani, na lilifanya kazi iliyokusudiwa. Huwezi kumpa sifa ya bendeji za Messina kwa sababu alizifunga kwa mikono yake, halafu ukasema ile pete iliyotoka kwenye mkono uleule ilikuwa ya wanasiasa tu.

Vita haikumwacha salama naye. Binti yake Mafalda alikamatwa na Wajerumani Septemba 1943, akafa katika kambi ya Buchenwald Agosti 1944 kutokana na majeraha ya bomu. Mei 1946 mfalme aliachia kiti, akaenda na Elena Alexandria, Misri, na huko akafa tarehe 28 Desemba 1947. Elena akahamia Montpellier, mgonjwa wa saratani. Desemba 2017 mabaki ya wote wawili yalirudishwa Italia na kuzikwa Vicoforte, mkoani Piedmont, yeye kwanza na mumewe siku mbili baadaye. Kurudi kwa mfalme kwa ndege ya jeshi la anga kulizua hasira, hasa kwa jumuiya ya Wayahudi wa Italia. Kurudi kwa Elena hakukuzua kelele za namna hiyo. Waitalia wenyewe humtenganisha na mumewe, na Messina ilikuwa imeshafanya hivyo tangu 1960.

Ndiyo maana sanamu yoyote ya mtawala inahitaji kusomwa kwa maswali ya kawaida kabisa: nani alilipa deni lake kwa jiwe hilo, lini, na ni saa ipi ya maisha ya mtu huyo iliyochongwa. Sanamu ya Largo Seggiola ni ya mji mmoja, kwa ajili ya majira ya baridi ya mwaka mmoja. Haikusimamishwa Roma kwa jina la taifa, wala haikuwekwa na ufalme ili ujisifu, maana ufalme haukuwepo tena. Kwa kipimo hicho naiona ni sanamu ya haki. Linganisha na kilichotokea Affile, mji mdogo karibu na Roma, ambako Agosti 2012 palifunguliwa mnara wa kumbukumbu wa Graziani yuleyule wa Addis Ababa, kwa fedha za umma, na Waethiopia wengi wakalaani. Miezi miwili tu kabla yake, Juni 2012, Messina ilizindua mnara wa mabaharia wa Urusi waliofika wa kwanza 1908. Nchi moja, mwaka mmoja, kumbukumbu mbili ambazo hazifai kuitwa kwa jina moja.

Kosa huanza pale shukrani ya Messina inapogeuzwa cheti cha maisha yote. Makala nyingi za kumsifu Elena huruka kutoka hospitali ya Quirinale hadi Waridi la Dhahabu bila kugusa Desemba 1935 wala Februari 1937, kana kwamba hakukuwa na kitu baina yake. Ile miaka mitupu imejaa watu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunahusika na miaka hiyo kwa karibu. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), wale keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyovuka Somalia na kuingia Ethiopia mwaka 1941 hadi Waitalia wakasalimu amri. Wengi hawakurudi. Mateka wa kivita wa Kiitalia waliletwa Kenya, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 kando ya barabara ya Mai Mahiu lingali linaonekana na kila dereva anayeteremka Bonde la Ufa. Huko Nyeri, kanisa la kumbukumbu la Waitalia lina kaburi la Amedeo, Duke wa Aosta, jamaa wa karibu wa mume wa Elena, aliyepokea ugavana mkuu kutoka kwa Graziani na kufariki Nairobi akiwa mateka tarehe 3 Machi 1942. Ukoo wa Savoia una kaburi katika ardhi ya Wakikuyu.

Na Addis Ababa? Pale Sidist Kilo, jirani na lile kasri la sadaka ambalo sasa ni sehemu ya chuo kikuu, kuna mnara wa mashahidi wa Yekatit 12, uliozinduliwa mwaka 1955. Ulikuwa zawadi ya Yugoslavia ya Tito, na michoro ya shaba inayouzunguka ilibuniwa na Antun Augustinčić na Frano Kršinić. Wakati huo Montenegro, nchi aliyozaliwa Elena, ilikuwa sehemu ya Yugoslavia. Kwa maana hiyo ukumbusho wa wahanga ulitoka katika nchi yake ya asili miaka mitano kabla ya Messina kumkumbuka yeye.

Sidhani sanamu ya Largo Seggiola inapaswa kuondolewa. Watu wa Messina hawakukosea kumshukuru mtu aliyekuja. Ningependa tu shule yoyote inayowapeleka watoto kuiona mwezi Desemba iwaeleze pia, Februari inapofika, juu ya maskini walioitwa kupokea sarafu kwa sababu mjukuu wa mama huyu alikuwa amezaliwa.